Jina la Nne kwenye Jiwe la Mashujaa

Inspekta Zenon alipiga magoti mbele ya jiwe, akavaa miwani, akaanza kuhesabu matundu. Alipofika mia moja na arobaini akaacha. Yalikuwa matundu madogo, kila moja halizidi punje ya hindi, yamebanana mstari kwa mstari kutoka kushoto kwenda kulia. Chini ya matundu hayo lilikuwapo jina la mtu. Sasa halikusomeka hata herufi moja.

Ilikuwa Jumatatu asubuhi, na sherehe ilikuwa Jumamosi. Chuo Kikuu cha Mbizi kilikuwa kimesimamisha jiwe hilo mbele ya ukumbi wake, hapo hapo Sumbawanga, kuwaenzi watu sita waliosoma chuoni hapo kisha wakaingia jeshini na kufanya ushujaa. Majina matatu ya juu yalikuwa ya watu walio hai. Katikati palichongwa neno MAREHEMU, na chini yake yakafuata matatu ya waliokufa kazini. Jina la nne, la kwanza chini ya neno lile, lilikuwa la Luteni Yusto Kasmir, mlinda amani aliyekufa nje ya nchi mwaka 2016. Mto ulifurika usiku, akawavusha askari wenzake wanne, akarudi kumfuata wa tano. Hakurudi tena, na maiti yake haikupatikana. Jenerali mstaafu alikuwa amealikwa kuja kusoma habari hiyo mbele ya watu, wale wanne waliovushwa wakiwapo, na sasa mtu alikuwa amelidonoa jina hilo mpaka likaisha.

Lawama zilikuwa zimeshamwangukia fundi aliyelichonga jiwe. Mdogo wake alikuwa askari, jina lake likaondolewa kwenye orodha kwa sababu hakumaliza masomo yake. Fundi akaapa kilabuni, mbele ya watu wengi, kwamba jiwe hilo halitafika Jumamosi likiwa zima. Mkuu wa Upelelezi wa Mkoa aliposikia hivyo hakutaka kusikia zaidi. Fundi alilala mahabusu.

Zenon aliagiza aletwe na pingu zake. Akamwonyesha jiwe, akamuuliza anaona nini.

Fundi aliinama, akatazama, akacheka kwa hasira. "Afande, mimi nina grinda. Ningetaka kulifuta ningelifuta huku nasubiri chai ipoe. Huyu amekaa saa nzima anadonoa kama kuku."

Zenon hakucheka. Neno lile, kudonoa, lilimrudisha kwao, kijiji cha juu kule Ufipa, kwa mama yake aliyesaga ulezi kwenye jiwe mpaka uzee ukamzuia. Jiwe la kusagia likitumika sana hulainika, unga ukatoka na chenga. Hapo mama yake alikaa chini, akanyoosha miguu, akachukua kinyundo kidogo na kulidonoadonoa jiwe zima, mstari kwa mstari, mpaka lipate meno upya. Kazi hiyo ni ya wanawake. Zenon hakuwahi kumwona mwanamume wa Kifipa akiifanya, hata mjane.

Akatazama sakafu ya saruji chini ya jiwe. Vumbi la jiwe lilikuwa limeanguka katikati na kubaki. Kushoto na kulia kwake kulikuwa na njia mbili safi, upana wa mguu wa mtu, zimenyooka kama reli. Mtu huyo alikaa hapo, miguu imenyooshwa, jiwe katikati.

"Mfungueni fundi," alisema. "Niitieni mlinzi."

Mlinzi aliitwa Yohanes, mtu mzima mwenye buti kubwa kuliko miguu yake. Aliapa kwamba Jumapili nzima alikuwa getini na hakupita mtu. Zenon alimwacha amalize kuapa. Kisha akamuuliza, kwa sauti ya kuuliza saa, yule mama alimwacha peke yake kwa muda gani. Hakuwa na hakika kwamba kulikuwa na mama. Lakini papo hapo Yohanes akatazama buti zake.

Ikatoka yote. Mama mzee alikuja Jumapili kabla ya misa ya pili, kilemba kichwani, kikapu mkononi. Hakujua kusoma. Alimwomba Yohanes amwonyeshe jina la Yusto Kasmir, naye akamshika kidole na kukiweka juu ya jina. Mama akalia. Yohanes akajua huyo ndiye mama wa shujaa, akamwachia nafasi ya kusali, yeye akaenda kanisani. Aliporudi, mama hayupo na jina halipo.

"Ningemfukuzaje mama anayelia, afande?" aliuliza.

Zenon alikwenda ofisi ya chuo, akaomba jalada la Yusto Kasmir. Kuzaliwa: 1987. Baba: marehemu. Mama: marehemu. Mlezi: Mwalimu Baltazari, mwalimu mkuu mstaafu, mkazi wa Sumbawanga mjini.

Walimkuta Mwalimu Baltazari nyumbani kwake amesimama juu ya kigoda, fundi cherehani anampima urefu wa suruali. Jumamosi yeye ndiye angepokea cheti cha heshima kwa niaba ya shujaa. Konstebo Edith, aliyekuwa akiendesha gari na kuandika maelezo, alimwamkia shikamoo. Mwalimu akaitikia vizuri, akawaagizia soda. Habari ya jiwe alikuwa ameshaisikia, na alisikitika sana. Alieleza kwamba Yusto alikuwa yatima. Mama yake alikufa mtoto akiwa darasa la nne, naye kwa huruma ya ualimu akamchukua na kumsomesha. Jeshi lilipoleta taarifa ya kifo, lilimletea yeye.

Zenon aliuliza mtoto huyo alikuwa wa kijiji gani.

"Kaoze, huko bondeni. Nilifundisha kule. Lakini utakwenda bure, Inspekta. Ukoo ule umekwisha, hutakuta mtu."

Zenon alishukuru kwa soda. Walipofika kwenye gari Edith alifungua daftari, akauliza wanakwenda wapi.

"Kaoze."

"Si amesema hakuna mtu?"

"Mimi nilimuuliza kijiji tu," Zenon alisema. "Sikumwambia kwamba nakwenda."

Waliiacha baridi ya juu, wakateremka mlima kwa gia ya kwanza na ya pili, joto la bonde likipanda kuwapokea. Kaoze walifika saa saba. Zenon hakwenda kwa mwenyekiti wa kijiji. Alijua familia za huko ni za kanisani, na kanisa huandika. Alimtafuta katekista, mzee mmoja mwembamba jina lake Theodory, akamwomba daftari la ubatizo la mwaka 1987.

Theodory alilileta limefungwa kwa kitambaa. Akapitisha kidole, akasimama. Yusto, mwana wa Kasmir na Otilia. Zenon alisoma mstari huo, kisha akasoma pembeni, mahali ambapo kanisa huongeza habari za mtu kila apatapo sakramenti nyingine. Kipaimara, mwaka 2000. Chini yake, kwa wino mwingine: Ndoa, tarehe 15 Juni 2019, na Mary.

Alivua miwani, akaifuta kwa shati, akasoma tena. Edith alikuja kusoma juu ya bega lake, akasahau kufunga mdomo. Luteni Yusto Kasmir alikufa mtoni mwaka 2016. Miaka mitatu baadaye alisimama hapa kanisani akafunga ndoa.

"Mzee Theodory," Zenon alisema, "huyu aliyefunga ndoa ni huyu huyu?"

Katekista alishangaa kuulizwa. Akasema ni huyu huyu, walikuwa wakiishi pamoja siku nyingi na watoto watatu, padre akawahimiza wabariki. Kisha akaanza kutikisika kwa kicheko. Wiki tatu nyuma redio ilisoma majina ya mashujaa, ikataja marehemu Yusto Kasmir wa Kaoze. Kijiji kizima kikaenda kwa Otilia na kuni na unga wa msiba, wanawake wanalia tangu njiani.

"Mimi mwenyewe nilikwenda na kitabu cha sala za wafu," alisema. "Marehemu ndiye akanifungulia mlango."

Nyumba ya Otilia ilikuwa ya matofali ya kuchoma, bati jipya. Mama alikuwa nyuma, anapepeta ulezi. Alipoona sare ya Edith hakushtuka. Zenon alimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaweka ungo chini, akasema walichelewa, yeye alidhani wangefika jana ile ile.

Hakukana kitu. Tena alieleza kwa utaratibu kuliko mashahidi wengi wasomi ambao Zenon amewahi kuwahoji. Redio ilipomtangaza mwanawe kuwa marehemu, alidhani watu watacheka na kusahau. Hawakusahau. Wajukuu wake shuleni wakaitwa watoto wa marehemu. Ijumaa akapanda gari hadi Sumbawanga, akalala kwa dada yake, Jumamosi asubuhi akaenda ofisi ya chuo kuwaambia mwanawe yu hai. Kijana mmoja ofisini akamjibu kwamba majina yameletwa na jeshi, na jeshi halikosei, arudi baada ya sherehe.

"Baada ya sherehe," Otilia alirudia. "Yaani wamzike kwanza, ndipo niseme hajafa. Mimi nimemtoa mwanangu kwenye orodha ya wafu. Kama ni kosa, nifungeni."

Hapo mtu alitokea kwenye njia ya shambani, jembe begani, mrefu, miaka kama thelathini na minane. Alimwona mama yake katikati ya polisi wawili, akaweka jembe chini polepole.

Zenon amekuwa polisi miaka ishirini na sita. Ameona maiti za kila namna. Lakini hakuwahi kumwuliza mtu jina lake akajibiwa jina la marehemu.

"Yusto Kasmir," alisema yule mtu. "Najua mmekujia nini. Mama hajui yote. Mwacheni, nitasema mimi."

Walikaa kwenye gogo. Yusto alisimulia bila kupumzika, kama mtu aliyebeba mzigo mbali na sasa ameona mahali pa kuutua.

Darasani alikaa dawati moja na mtoto wa mfugaji, Msukuma, jina lake Maduhu, mwana wa Mboje. Maduhu alikuwa na akili kuliko wote, ila siku za mtihani wa darasa la saba alikuwa na homa kali, akafeli. Mwalimu mkuu Baltazari hakutaka akili ile ipotee, wala hakutaka shule yake ikose mtu wa kwenda sekondari. Yusto naye alikuwa ameacha shule katikati ya darasa la saba, ameona kulima kunamfaa zaidi. Jina lake lilibaki kwenye rejesta. Mwalimu akawaita wote wawili ofisini. Aliyefeli hakuruhusiwa kurudia, basi akamwambia Maduhu arudie darasa kwa jina la Yusto. Mambo ya namna hiyo yalikuwa yakifanyika shule nyingi, na hapo hakuna aliyeuliza.

"Mimi niliona ni kitu kidogo," Yusto alisema. "Maduhu alinipa manati yake. Nikampa jina."

Basi Maduhu akafaulu kwa jina la Yusto, akaenda sekondari kwa jina la Yusto, chuo kikuu kwa jina la Yusto, jeshini kwa jina la Yusto. Vyeti vikimfuata kila mahali, hakuna njia ya kurudi. Nyumbani kwao alibaki Maduhu. Wazazi wake hawakusoma, na kwao alikuwa mtoto wao tu aliyevaa sare. Likizo ya mwisho alikuja kumwona Yusto, akamwambia jina lake analitunza vizuri, hajalitia doa. Baada ya hapo akaenda ng'ambo, na hapakuwa na habari tena.

Edith aliacha kuandika. Aliuliza kama wazazi wa Maduhu wako hai.

Yusto alifunika uso kwa viganja. Baba alishakufa. Mama, anaitwa Kabula, anakaa kitongoji hiki hiki, ng'ambo ya korongo. Miaka tisa anamsubiri mwanawe. Alikwenda mpaka kambini kwa miguu na kwa magari ya watu, akataja jina Maduhu Mboje. Wakafungua vitabu vyao vyote, wakamwambia hapajawahi kuwa na askari wa jina hilo. Akarudi. Kila msimu humuuliza Yusto kama amesikia lolote.

"Na wewe ulijua jina wanalopaswa kulitafuta," Zenon alisema.

"Nilijua."

"Miaka tisa."

"Nilikwenda kwa Mwalimu mara mbili, afande. Mara zote aliniambia Maduhu hajambo, amebaki ng'ambo anasoma, na nikifungua mdomo tutafungwa sote, mimi wa kwanza. Nilimwamini. Wiki tatu zilizopita, redio ilipotaja jina langu na mto na wale wanne, ndipo nikajua aliyekufa ni nani. Tangu siku hiyo nikimwona Mama Kabula njiani naingia kwenye mahindi najificha."

Otilia alikuwa amesikia kila neno, na hilo nalo hakulijua. Alikuwa ameketi chini kwenye vumbi, mkono kinywani. Yeye alidhani amefuta kosa la karani. Alikuwa amefuta kaburi pekee alilokuwa nalo mtoto wa jirani yake.

Zenon alimwambia Edith achukue maelezo yote ya Yusto na kumsainisha. Yeye alitaka kumpigia simu mkuu wake kabla mambo hayajamwagika, ili Mwalimu Baltazari akamatwe leo leo akiwa bado anashonewa suti. Simu haikuonyesha mtandao. Yusto akamwelekeza: unavuka korongo, kuna kichuguu kirefu nyuma ya zizi la kina Mboje, hapo ndipo watu wote hupigia. Zenon aliuliza kama Kabula yupo. Yusto akasema saa hizi anakuwa malishoni na ng'ombe, harudi mpaka jioni.

Zenon alivuka. Zizi la miiba lilikuwa kubwa, limeshonwa vizuri, huoni ndani. Kimya. Akapanda kichuguu, akainua simu, vijiti viwili vya mtandao vikaja. Mkuu wa Upelelezi alipokea mara moja. Sauti yake ilikuwa ikikatika, naye hakumsikia Zenon. Akamwambia aseme kwa nguvu. Zenon akafanya kile ambacho kila mtu wa bondeni hufanya juu ya kichuguu kile. Alipiga kelele.

Alieleza mama aliyedonoa. Alieleza Yusto aliye hai, na kitabu cha ubatizo. Mkuu wake akauliza basi nani aliyekufa mtoni.

"Maduhu Mboje!" Zenon alipaza sauti. "Aliyekufa ni Maduhu Mboje, mtoto wa mfugaji! Mwalimu alimpa jina la mwenzake, akaficha kifo chake kwa mama yake miaka tisa!"

Mkuu alijibu haraka. Fundi yuko tayari na bamba jipya, alisema, na Mkuu wa Chuo amesimama hapa hapa ofisini. Jeshi linamjua Yusto Kasmir, vyeti vinamjua Yusto Kasmir, jenerali anakuja Jumamosi kumsifu Yusto Kasmir. Jina lirudishwe kama lilivyokuwa. Huyo bibi asaini kwamba amekosa, msamaha upo. Mambo ya Mwalimu tutayatazama baada ya sherehe.

Kabla Zenon hajajibu, lango la zizi likafunguka.

Mwanamke mrefu, mzee, alitoka na kibuyu cha maziwa mkononi. Nyuma yake ng'ombe mmoja alikuwa amelala chini, na ndama mbichi anajaribu kusimama. Hakwenda malishoni leo. Ng'ombe alikuwa akizaa. Alitembea mpaka chini ya kichuguu, akainua uso.

"Wewe umetaja jina la mwanangu," alisema.

Zenon alishuka. Amepeleka taarifa za vifo nyumba nyingi, na ana namna yake: huingia, huketi, huomba maji kwanza. Hapa alikuwa ameshaipigia kelele nchi nzima. Alivua kofia. Akasema shikamoo mama, akaona hata shikamoo imechelewa.

"Rudia ulichosema," Kabula alisema. "Usipige kelele. Niko karibu."

Akarudia. Alisema mto, alisema usiku, alisema wanne waliovuka, na wa tano aliyerudiwa. Alisema mwaka na mwezi. Alisema jina walilomwandika, na nani aliyempa, na kwamba kambini walipofungua vitabu hawakumdanganya. Walitazama jina ambalo halikuwamo. Kabula alisikiliza mpaka mwisho. Maziwa yalikuwa yakimwagika kidogo kidogo kutoka kwenye kibuyu, yakimlowesha miguu, hakuona.

"Hao wanne," aliuliza, "wako hai?"

"Wako hai, mama. Watakuwepo Jumamosi."

"Wanamwita nani?"

"Wanamwita Yusto."

Kabula alitikisa kichwa, mara moja tu. Simu mkononi mwa Zenon ilikuwa bado wazi, sauti ndogo ya mkuu wake ikitoka ndani yake: halo, Zenon, halo, fundi anasubiri, niambie tuandike jina gani.

Zenon alitazama simu ile. Alijua amri aliyopewa, na alijua kuikaidi kunaweza kumpeleka kwenye kituo cha mbali kuhesabu magari ya mahindi mpaka astaafu. Akamnyooshea Kabula.

"Huyu ni mkuu wangu, mama. Anauliza jina. Mwambie wewe."

Kabula aliweka kibuyu chini. Akapanda kichuguu peke yake, bila kushikwa mkono, akasimama juu kabisa, akaiweka simu mbele ya mdomo kama alivyowaona watu wakifanya. Kisha akalitaja jina la mwanawe, na la baba yake, na la babu yake, na la baba wa babu yake, kwa sauti ile ya kuwaita ng'ombe kutoka upande wa pili wa bonde, na ng'ambo ya korongo Edith alilisikia, akaandika.